Ujumbe 200 kwa siku, wahariri watatu: jinsi ya kukusanya sauti za wasikilizaji na kuzionyesha

Swali: "Nafanya kazi redio ya jamii hapa Dodoma. Tulipowaomba wasikilizaji watuambie hali ya maji mitaani kwao, namba yetu ya WhatsApp ilijaa. Zinaingia kama ujumbe 200 kwa siku, mbali na SMS. Tuko watatu, tuna kompyuta mpakato moja na simu mbili. Bosi anataka ramani kwenye tovuti, yenye taarifa zote na inayojisasisha yenyewe. Tutumie programu gani? Tuweke mfumo uitwao Ushahidi au tutafute fundi atutengenezee mfumo wetu?"

Jibu: Fundi msimwite kwanza. Ramani ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, mtu mmoja anaimaliza mchana mmoja bila kulipa senti. Kazi inakwamia katikati, baada ya ujumbe kuingia na kabla haujaonekana kwa umma. Hapo mnahitaji majedwali mawili: moja la ndani lenye kila kitu, na jingine la nje lenye yale tu ambayo umma unaruhusiwa kuyaona. Ramani inasoma lile la nje peke yake. Mkilipanga hilo vizuri, programu yoyote mtakayochagua itafanya kazi.

Ushahidi ni mfumo mzuri. Ulizaliwa Kenya mwaka 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi, msimbo wake ni wazi, na unaunganisha SMS, fomu na ramani mahali pamoja. Lakini hausomi ujumbe kwa niaba yenu. Haiti, baada ya tetemeko la 2010, ujumbe uliotumwa kwenye namba fupi 4636 ulipitia kwanza mikononi mwa watu waliojitolea, wakautafsiri kutoka Kikrioli na kutafuta kila mtaa uliotajwa uko wapi. Nyinyi mko watatu. Pigeni hesabu: kusoma ujumbe mmoja, kuuelewa na kuuandika kwenye jedwali ni kama dakika moja na nusu. Ujumbe 200 ni dakika 300, yaani saa tano za mtu mmoja, na hapo hamjampigia simu yeyote kuhakiki. Ndiyo maana mlango wenyewe wa kuingilia lazima upunguze mzigo.

Mzigo wa kwanza ni salamu. Redio zetu zimewazoesha wasikilizaji kwamba namba ya studio ni ya kusalimia ndugu na majirani "popote pale walipo". Ukitangaza namba hiyohiyo kwa taarifa za maji, nusu ya siku mtakuwa mnachambua salamu. Chukueni laini ya pili, iwe ya taarifa tu, na itajwe ndani ya kipindi cha maji peke yake. Salamu zikiingia huko, zijibiwe kwa ujumbe uliokwisha kuandikwa unaomwelekeza mtu kwenye namba ya salamu. WhatsApp Business ya bure ina majibu ya haraka kwa kazi hiyo, ina ujumbe wa makaribisho unaojituma wenyewe, na ina lebo za rangi. Lebo nne zinatosha: mpya, imeingizwa, ipigiwe, imefungwa.

Mzigo wa pili ni swali lenyewe. "Tuambieni hali ya maji huko kwenu" inaleta malalamiko, maombi, siasa na mashairi. Ulizeni jambo moja linalojibika kwa tarehe au namba, na lipeni muda wa kufungwa, tuseme saa 72. Kwa habari yenu ningeuliza hivi: "Taja kata na mtaa wako. Mara ya mwisho maji kutoka bombani ilikuwa siku gani? Leo umenunua dumu la lita 20 kwa shilingi ngapi?" Semeni dumu la lita 20, msiseme ndoo, kwa sababu kuna ndoo za lita 10 na mtu anajibu kwa ile aliyonayo. Kwa vijijini Bahi, Kongwa au Chemba badilisheni "bombani" iwe "kwenye kilula au kisima mnachochota", maana bomba la ndani ya nyumba huko ni la wachache na swali la mjini linawaacha nje wengi.

Msiulize saa ikiwa mnaweza kukwepa. Mtu akiandika "maji yalitoka saa 2" anamaanisha saa mbili ya Kiswahili, ambayo kompyuta inaijua kama 8:00 au 20:00. Mwingine, hasa mwenye simu janja anayeangalia tarakimu za skrini, ataandika 2:00 akimaanisha saa nane. Mkiyaweka yote mawili kwenye safu moja, mchoro wenu utaonyesha maji yakitoka usiku wa manane Dodoma nzima. Toeni machaguo matano ya maneno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Sasa milango. WhatsApp mnayo, ibaki. Msitegemee orodha ya matangazo ya WhatsApp kwa kurudisha majibu: ina kikomo cha watu 256, na haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yenu kwenye simu yake. Kwa kurudisha taarifa, chaneli ya WhatsApp inafaa zaidi.

Mwenye kitochi anakuja kwa SMS, na wasikilizaji wenu wa vijijini wengi wamo humo. Laini ya kawaida inatosha kuanzia. Kwa kutoa SMS kwenye simu na kuzipeleka kwenye kompyuta, tumieni programu ya kuhifadhi SMS kwenye Android, msizinakili kwa mkono. Namba fupi ni jambo la baadaye: inaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inahitaji makubaliano na kila mtandao, na siku ya kwanza lazima ijaribiwe kwa laini ya Vodacom, ya Airtel, ya Yas iliyokuwa Tigo, ya Halotel na ya TTCL, kwa sababu kufanya kazi kwenye mtandao mmoja hakuthibitishi mingine.

Mkianza kujibu SMS kwa wingi, angalieni ritifaa, ile koma ya juu ya ng'. SMS moja inabeba herufi 160 kama herufi zote ni za kawaida. Ikiingia alama moja tu isiyo ya kawaida, mfumo unabadilisha namna ya kuandika ujumbe wote na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ritifaa iliyonyooka (') ni ya kawaida. Ile iliyopinda (’), ambayo Word na simu nyingi huiweka zenyewe, si ya kawaida. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 wenye neno "Chang’ombe" lililopinda unakatwa vipande vitatu na unalipiwa mara tatu, bila mtu studio kuelewa salio limeenda wapi. Emoji nayo hufanya vivyo hivyo.

Kwa swali la ndiyo au hapana, kuna njia ya bure ambayo kila mtu anaijua tayari: kubipu. Laini mbili, moja ya ndiyo, moja ya hapana, msikilizaji anabipu na kukata. Baada ya kipindi mnatoa orodha ya simu zilizokosa kupokelewa, mnaondoa namba zilizojirudia, mnahesabu. Hiyo ni kura ya burudani, msiifanyie habari.

Fomu ya Google iwepo kwa wenye simu janja na bando, lakini ina mtego mmoja unaoua majibu kimyakimya. Mkiweka swali la kupakia picha, fomu itamlazimisha kila anayejibu aingie kwanza na akaunti ya Google. Wengi simu zao waliwekewa akaunti na fundi wa dukani na nenosiri hawalijui. Watafika hapo na kuacha. Mkiweka kikomo cha jibu moja kwa kila mtu, shida ni hiyohiyo. Picha ziombwe WhatsApp, fomu ibaki maneno na machaguo.

Kwa vijiji ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, tumieni KoboToolbox, na wajazaji wawe waandishi wenu wa kujitolea, si wasikilizaji wote. Fomu inatengenezwa kwenye kompyuta, inaingizwa kwenye programu ya KoboCollect katika simu ya Android, inajazwa bila mtandao, na inatumwa mtu akifika penye mawimbi. Faida yake kubwa ni orodha zinazochujana: ukichagua wilaya ya Mpwapwa unaona kata za Mpwapwa tu. Anayechukua mahali kwa GPS aende uwanjani, asikae chini ya paa la bati, na asubiri kipimo cha usahihi kishuke chini ya mita 10 kabla ya kuhifadhi. Asiposubiri, kisima kinaweza kuangukia ng'ambo ya korongo, kijiji kingine kabisa.

Turudi kwenye jedwali, maana hapo ndipo kazi ilipo. Jedwali la ndani liite Ghafi, na liwe na safu hizi kwa mpangilio huu: A namba ya taarifa, B tarehe ya kupokelewa, C kata, D mtaa au kijiji, E siku ya mwisho ya maji, F bei ya dumu, G mlango ulioingilia, H namba ya simu, I jina, J maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, K hali, L ruhusa. Safu ya J haiguswi kamwe, hata kusahihisha herufi.

Chukueni ujumbe wa mfano, wa aina mnayoipata kila siku, uliopokelewa Jumapili 12/10: "habari za kazi apo studio naitwa mama nasra wa nzuguni b huku tangu jumatano maji akuna tunanunua dumu jero na bado foleni mtusaidie". C ni Nzuguni. D ni Nzuguni B. F ni 500, kwa tarakimu, maana jero na "mia 5" na "500/=" mkiziacha zilivyo kompyuta haizijumlishi. E ndiyo inayotega. Haraka haraka mtu ataandika Jumatano 8/10. Lakini mama anasema tangu Jumatano hakuna, kwa hiyo siku ya mwisho ya maji inaweza kuwa Jumanne 7/10, au Jumatano yenyewe asubuhi kabla hayajakatika. Tofauti ya siku moja ni kubwa pale mtakapopeleka madai yenu DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na wao wakaja na ratiba ya mgawo mkononi. K inaandikwa IPIGIWE, anaulizwa swali moja, ndipo E inajazwa. L inabaki tupu mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo.

Kabla hamjaingiza mstari wa kwanza, nendeni kwenye mipangilio ya jedwali la Google muweke nchi inayoandika siku kabla ya mwezi, kama Uingereza, na saa za Afrika Mashariki. Likiachwa na mipangilio ya Kimarekani, 7/10 linaisoma kama tarehe 10 Julai, na 13/10 linaikataa na kuiacha kama maneno, hivyo nusu ya mwezi inakuwa tarehe na nusu maandishi. Saa za Pwani ya Magharibi ya Marekani nazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11, kwa hiyo fomu iliyojazwa asubuhi hapa itaonekana imejazwa jana. Safu ya simu ifanyeni ya maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inaliwa na 07 inabaki 7.

Kata isiandikwe kwa mkono, iwe orodha ya kuchagua. Hapa Dodoma si suala la unadhifu tu. Chang'ombe, Changombe na Chang’ombe ni kata tatu machoni pa kompyuta. Chamwino ni kata ndani ya jiji, na pia ni wilaya nzima inayojitegemea. Makutupora ni kata ya jiji, lakini Makutupora ya reli ya SGR iko Manyoni, mkoa wa Singida. Ukiiachia programu ya ramani itafute "Chang'ombe, Tanzania" yenyewe, inaweza kukupeleka Temeke, Dar es Salaam, na msikilizaji wako wa Dodoma akaonekana ana kero ya maji ya mkoa mwingine.

Kwa hiyo tengenezeni karatasi ndogo ya pembeni yenye jina la kila kata na nukta yake moja ya ramani, na jedwali lichukue nukta kutoka humo. Katikati ya jiji ni kama -6.17, 35.74. Makosa ya hapa yanajulikana kwa sura. Mkisahau alama ya kutoa, taarifa zenu zinaangukia kusini magharibi mwa Ethiopia. Mkizibadilisha nafasi, ya kwanza ikawa ya pili, zinaelea baharini karibu na Tangier, Moroko. Mkifanya makosa yote mawili kwa pamoja, mko Algeria, jirani na Batna. Mkiona doa lolote katika sehemu hizo, mnajua cha kurekebisha bila kutafuta.

Nukta moja kwa kata ina faida nyingine: inamficha mtu. Nyuzi (digrii) ya ramani yenye tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali ni kama kilomita moja ardhini, yenye tarakimu nne ni kama mita 11, yaani mlango wa nyumba. Mama aliyelalamika kuhusu mwenye kisima anayeuza maji kwa bei ya kuruka hapaswi kuonekana mlangoni kwake.

Jedwali la nje liwe faili tofauti kabisa. Msifiche tu safu za simu na majina ndani ya faili lilelile na kulitangaza: anayeona faili anaweza kulinakili kwake na kuzifichua safu zote kwa mibofyo miwili. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote kwenye kazi za aina hii, na ndilo lenye madhara. Kwenye faili la nje andikeni hivi katika kisanduku cha kwanza:

=QUERY(IMPORTRANGE("kiungo cha faili la Ghafi","Ghafi!A:L"),"select Col1, Col3, Col5, Col6 where Col11='IMEPITA' and Col12='NDIYO'")

Zinapita namba ya taarifa, kata, siku ya mwisho na bei, tena za mistari iliyohakikiwa na kuruhusiwa tu. Mara ya kwanza itagoma. Ni kwa sababu IMPORTRANGE inahitaji ruhusa ya kuunganisha mafaili mawili, na ikiwa imefunikwa ndani ya QUERY kitufe cha kuruhusu huenda kisijitokeze. Iandikeni kwanza peke yake, bonyezeni kuruhusu, halafu rudisheni fomula nzima. Ikigoma tena, angalieni alama za kunukuu: mkiwa mmezinakili kutoka Word zitakuwa zimepinda, ugonjwa uleule wa ritifaa.

QUERY ina tabia moja zaidi. Inaangalia safu, inaamua kama ni ya namba au ya maneno kwa kufuata wengi, kisha inafuta wachache. Kama safu ya bei ina 500 mara arobaini na "jero" mara sita, zile sita hazitaonekana, na hakuna onyo litakalotokea. Mkiona idadi ya nje ni ndogo kuliko ya ndani, anzeni hapo. Haki ya kuhariri faili la nje ibaki kwa nyinyi watatu, maana anayeweza kubadili fomula ile anaweza kuvuta hata safu ya simu.

Uhakiki hauna programu. Kanuni inayotosha kwa timu yenu: taarifa inapita ikiwa imetoka kwa namba tatu tofauti za mtaa mmoja, au ikiwa ni moja na mtumaji amepigiwa akajibu. Picha ya WhatsApp haibebi tarehe wala mahali ilipopigwa, WhatsApp inaviondoa. Mkivihitaji, mwombeni mtumaji aitume kama faili, si kama picha. Mishale miwili ya "umesambazwa mara nyingi" juu ya ujumbe maana yake picha imezunguka, na huyo aliyewatumia si shahidi. Ujumbe wa sauti mtu ausikilize: programu ya Whisper inaandika Kiswahili kwa kiasi, lakini majina ya mahali inayavuruga, na mzee akichanganya Kigogo au Kirangi ndani yake mtapata maneno yasiyosemwa na mtu.

Ruhusa ya kutumia maneno ya mtu iombwe kwa ujumbe mfupi unaojibika, tuseme: "Asante, taarifa yako ni namba 0412. Tukiitumia redioni na kwenye tovuti tutataja kata tu, bila jina wala namba. Unaruhusu? Jibu NDIYO au HAPANA." Asiyejibu hajaruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu moja kwa moja kwa sababu mnakusanya majina na namba za simu, na inataka wakusanyaji wajisajili kwa Tume yake. Kwa upande wa tovuti, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinawabebesha wajibu wa maudhui mnayoyachapisha. Ndiyo sababu ramani ya bosi "inayojisasisha yenyewe" ijisasishe kutoka mistari ya IMEPITA tu.

Na ramani yenyewe? Kwenye faili la nje ongezeni safu mbili zinazochukua nukta ya kata kutoka ile karatasi ya pembeni, litangazeni kama CSV (jedwali la maandishi matupu), chukueni kiungo chake, kiwekeni kwenye uMap, tovuti ya bure ya ramani, kama data ya mbali, chagueni mtindo wa kukusanya nukta pamoja. Kila kata itaonyesha doa lenye idadi ndani yake. Mabadiliko hayaonekani papo hapo, huchukua dakika kadhaa, msidhani imeharibika. My Maps ya Google inapendeza lakini haijisasishi: kila jedwali likibadilika inabidi kupakia upya. Jedwali la kutafutika kwa kata, ambalo kwa maoni yangu linamsaidia msomaji wa simu kuliko ramani, litoeni Datawrapper kwa mpango wake wa bure. Ramani inayosogea inakula bando, kwa hiyo kila jioni piga picha ya skrini ya ramani, ipunguze ibaki chini ya KB 100, iende kwenye chaneli ya WhatsApp.

Bosi aelezwe jambo moja kuhusu ramani hiyo kabla hajaionyesha kwa mgeni yeyote. Inaonyesha walipo watu wenye simu, chaji na mawimbi ya redio yenu. Nkuhungu ikiwa na taarifa 40 na kijiji cha Farkwa kikiwa na mbili, hamjui bado wapi kuna shida zaidi ya maji. Kwa hiyo msiandike "asilimia 80 ya wakazi wa Dodoma hawana maji". Andikeni "kati ya taarifa 140 tulizohakiki kutoka kata 19, taarifa 112 zinasema maji hayajatoka kwa siku tatu au zaidi". Ni namba ileile, asilimia 80, lakini sasa inasema ilikotoka, na haijifanyi takwimu rasmi, ambazo zina sheria yake, Sheria ya Takwimu ya 2015 na marekebisho yake. Kata zenye taarifa sifuri ziorodheshwe pia, na mpeleke mwandishi huko. Mara nyingi habari kubwa iko kwenye sifuri.

Ninyi ni redio, na redioni ramani haionekani. Onyesho lenu la kweli ni karatasi ya studio: nusu ukurasa, maandishi makubwa, mistari mitano tu. Kata, idadi, siku, bei ya chini na ya juu ya dumu, na sauti moja ya sekunde 20 ya msikilizaji aliyeruhusu. Faili la sauti la WhatsApp linakuja kwa mtindo wa opus ambao programu za kuhariri za zamani hazifungui. VLC inalifungua na inaweza kuligeuza. Karatasi hiyo ifike DUWASA, au RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama ni kijijini, mapema kabla ya kipindi, waseme upande wao. Namba za taarifa zisaidie hapo: "taarifa 0412 ya Nzuguni" inajadilika bila kumtaja mtu.

Kwa watu watatu, gawaneni hivi: mmoja anaingiza asubuhi, wa pili anapiga simu mchana, wa tatu ndiye pekee anayebadilisha K kuwa IMEPITA, na asiwe yule aliyeingiza. Siku 90 baada ya kufunga swali, futeni safu za H na I kwa taarifa zote zilizokwisha.

Kuna jambo dogo la mwisho, lifanyeni leo. WhatsApp yenu iunganisheni na kompyuta, inaruhusu vifaa vinne vya ziada, na wekeni namba ya siri ya tarakimu sita ili mtu akiwalaghai mkampa msimbo wa SMS asiichukue namba. Kisha pigeni *106# kwenye ile laini ya taarifa muone imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni la mtangazaji, badilisheni iwe ya kituo kabla hajapata kazi kwingine na kuondoka nayo.